Kichwa Kikienda Mbulu

Hebu wekeni simu chini kidogo, mjishike shingo kwa nyuma, pale nywele zinapoishia. Bonyezeni. Hapo ndipo nilipofanyia kazi miaka ishirini na mitatu. Wenzangu walifundisha hesabu na jiografia, mimi nilifundisha shingo. Hapa Karatu ukimuulizia Mwalimu Yustina utaulizwa Yustina yupi. Ukisema Mama Shingo, dereva wa bodaboda atakufikisha mlangoni kwangu kabla hujamaliza kueleza.

Nimestaafu, nafuga kuku na nalima maharage ya ngwara kidogo. Lakini nikiona vijana wawili wameshikana, hata kama ni kwa utani tu, damu inanichemka. Najikuta nimesimama kwenye ua napiga kelele: "Kichwa! Kichwa juu!" Majirani wameshazoea. Sasa kwa kuwa ninyi vijana mmeanza mieleka na mmeniomba niwaandikie ninachokijua, nitawaandikia, ila nianze na kosa langu, maana ndilo lililonifundisha zaidi.

Mieleka sikuiomba. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili na netiboli. Siku moja mkuu wa shule, mzee mpole mwenye miwani ya kamba, aliniita ofisini.

"Mwalimu Yustina, tumeletewa mchezo mpya. Mieleka. Wavulana na wasichana. Nataka wewe uusimamie."

"Mkuu, mimi mieleka siijui hata kidogo."

Akaniangalia, akavua miwani, akaniangalia tena. "Lakini una mabega," akasema.

Basi. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu yote.

Mkeka wa mieleka hatukuwa nao. Tulichukua maranda kwa fundi seremala, tukayajaza kwenye viroba, tukavipanga chini, juu tukatandika turubai kuukuu la lori tuliloazima gereji. Ukianguka ulinuka mbao na dizeli mpaka Jumapili kanisani. Leo mna mikeka laini ya rangi, mnateleza juu yake kama sabuni. Sisi tulikuwa tukiokota misumari kabla ya kuanza.

Sasa nifundishe nini? Nilikulia kwenye ng'ombe, na mieleka niliyowahi kuiona kwa macho yangu ilikuwa ya mafahali. Fahali akitaka vita huinamisha kichwa na kuingia. Nikaona hapo pana somo. Kila jioni nilisimama pembeni na filimbi yangu: "Inama! Ingia na kichwa! Kama fahali!" Nilisahau jambo moja tu, kwamba fahali ana pembe na shingo yake ni gogo.

Kati ya wasichana wangu alikuwepo Namelok, wa kidato cha pili, mtoto wa wafugaji wa Endulen, huko ng'ambo ya geti la Ngorongoro. Alikuwa mrefu, mwembamba, anatembea wima kabisa, uso mbele, kama mtu anayetazama mifugo iliyo mbali. Ukimwambia ashike mwenzake, anakunja magoti vizuri, lakini kichwa hakishuki. Na mimi kichwa hicho kilinikera.

"Namelok! Inama! Umekuja kupigana mieleka au kupokea wageni?"

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Alijitahidi kuinama, na ilimchukua wiki kadhaa kukizoea kile nilichokitaka. Alipokizoea, nilimsifu mbele ya wote. Mpaka leo nikikumbuka zile sifa naona aibu.

Tukapata mchezo wa kirafiki na shule moja ya Mto wa Mbu. Namelok alipangiwa Rehema, msichana mfupi, mnene wa mapaja, mwenye macho ya haraka. Filimbi ikalia. Namelok akaingia vile nilivyomfundisha, utosi mbele, macho chini. Rehema hakuhangaika. Aliweka kiganja kisogoni pa Namelok, akarudi hatua moja nyuma, akavuta. Namelok akaenda chini kifudifudi. Kabla hajainuka, Rehema alikuwa ameshamtia kabali, shingo imekunjwa ndani ya kwapa. Nikasikia sauti ndogo, "Aaa," halafu filimbi ya mwamuzi.

Tulimpeleka hospitali amelazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari, kichwa chake nimekishika kwa mikono miwili njia nzima, nikisali. Daktari alimpima, akapiga picha, akasema mifupa ni mizima, ila misuli imevutika vibaya. Apumzike mpaka maumivu yaishe, mieleka asiiguse. Kisha akauliza, "Nani alimwambia aingie na utosi?"

Nilitaka kusema mchezo ndivyo ulivyo. Nikashindwa. "Ni mimi," nikasema.

Vijana, mkija kuwa walimu wa chochote, kumbukeni hili: mwalimu akikosea, anayelazwa ni mwanafunzi.

Kesho yake nililikunja lile turubai nikalirudisha gereji. Nilikuwa nimeamua kuacha. Pale kwenye geti la gereji alikaa mlinzi, Afande Matle, mzee aliyestaafu jeshi, ambaye huko jeshini alipigana mieleka miaka mingi. Hilo wakati ule sikulijua. Nilichokijua ni kwamba masikio yake yalikuwa yamevimba na kujikunja kama maandazi yaliyoungua, na watoto walimwogopa kwa ajili hiyo.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba, Mwalimu. Turubai mbona linarudi?"

"Nimeshindwa." Nikamsimulia yote, mpaka swali la daktari.

Hakunilaumu. Alisimama, akaegemeza rungu lake ukutani. "Hebu inama kama unavyowafundisha."

Nikainama palepale kwenye kokoto, na gauni langu la kazini. Akaniwekea vidole viwili kisogoni, viwili tu, akavivuta kwake taratibu. Vijana, nilipiga magoti! Mwanamke mwenye mabega yaliyosifiwa na mkuu wa shule, nimepigishwa magoti na vidole viwili vya mzee!

"Inuka. Sasa achanisha miguu, upana wa mabega. Mmoja utangulie kidogo. Kunja magoti kama unakalia kigoda. Mgongo nyoosha. Uso mbele, niangalie hapa," akajigonga kifuani. "Si machoni, si miguuni. Hapa."

Nikafanya. Akanivuta, safari hii kwa kiganja kizima, kwa nguvu. Nikasogea hatua moja. Sikuanguka.

"Umeona?" akasema. "Kichwa kikienda Mbulu, mwili hauwezi kwenda Arusha."

Kitu kikafunguka kifuani mwangu kama mlango. Nilianza kucheka peke yangu. "Afande, hebu fanya tena! Kwa nguvu zaidi!" Akanivuta, akanisukuma, akanizungusha. Mafundi wakatoka chini ya magari, na makonda wa stendi ya jirani wakaacha kugombania abiria, wote wamekuja kumtazama mwalimu wa Kiswahili anavutwa kichwa na mlinzi. Sikujali. Nilijisikia kama mtoto aliyeonyeshwa kwamba anaweza kuelea majini.

Nilipokuwa nahema, akaniambia, "Yule msichana wako mrefu nimemwona akipita hapa kwenda sokoni. Yule Mungu amemwekea kichwa mahali pake. Wewe ndiye uliyekuwa unakiondoa."

Turubai lilirudi shuleni siku ileile.

Afande Matle alikuja kila jioni baada ya zamu yake. Kwa heshima zake hakutaka kuwashika wasichana, kwa hiyo alinitumia mimi. Miezi mingi mimi ndiye niliyekuwa kile kiroba cha maranda: ananionyesha jambo mimi, mimi nawaonyesha wao. Usiku nilijipaka dawa ya kuchua mwili mzima. Na nikajifunza mambo ambayo nayaandika hapa, someni polepole.

Kichwa ni mkono wa tatu. Mkishikana mabega, paji lako la uso liweke panjani kwa mwenzako, pale kati ya jicho na sikio, au chini ya taya lake, na usukume kidogo bila kupumzika. Hata hahitaji kuumia. Mtu ambaye uso wake umegeuzwa pembeni hawezi kuingia mguuni kwako, maana haoni na miguu yake haimtii. Watu wawili wenye nguvu sawa wakishikana, tazameni paji la nani liko ndani. Huyo ndiye anayeamua waende wapi.

Ukiingia kuchukua mguu, usiingie na utosi. Shusha magoti, si kichwa. Ukishaukumbatia mguu, bandika sikio lako kwenye mbavu zake, upande wa ndani, sukuma na uso wako uangalie juu. Ukiangalia chini utakwenda chini.

Ukivutwa kisogo, usishindane naye kwa shingo peke yake, shingo itachoka. Leta miguu chini ya kichwa chako upesi, hatua fupifupi. Na kichwa juu maana yake si pua juu! Niliwahi kuwa na mvulana mmoja aliyeelewa vibaya, akawa anatazama mawinguni, akapigwa ngwara akaanguka huku bado anatazama mawinguni.

Zoezi langu mwenyewe lilikuwa la ndoo. Wasichana wa Kiiraqw, wenyeji wa hapa, walikuwa wamebeba maji tangu utotoni. Nikawapa ndoo nusu kichwani, kwenye kata, waende huku na huku magoti yamekunjwa bila kumwaga. Namelok aliponikuta nimejaribu mwenyewe, nimelowa mpaka viatuni, ndipo nilipomwona akicheka kwa mara ya kwanza tangu aumie.

Alipona. Lakini habari za kuumia zilikuwa zimeshavuka geti na kufika nyumbani kwao.

Baba Namelok alikuja siku ya mnada, baada ya kuuza mbuzi wake. Alisimama kando ya uwanja na fimbo yake, shuka nyekundu. Namelok alipomwona alikimbia, akasimama mbele yake na kuinamisha kichwa, kama watoto wa Kimaasai wanavyowaamkia wakubwa. Baba akamwekea kiganja utosini. Kisha nikaona vidole vyake vinashuka polepole mpaka shingoni, vinabonyeza huku na huku, kama mtu anayempima ndama.

"Inauma?"

"Hapana, baba. Imepona."

Akanigeukia. "Mwalimu, huyu nimemleta asome. Nimesikia huku mnawakunja watoto shingo."

Ningeweza kusema ni Rehema. "Ni mimi, Baba Namelok. Nilimfundisha vibaya. Nilimwambia ainamishe kichwa."

Akaichomeka fimbo ardhini. "Huyu tumemfundisha kuinamisha kichwa kwa wakubwa zake. Kwa mtu anayetaka kumwangusha, ainamishe kwa nini?"

 Nikamwita tu Namelok turubaini. "Simama tumwonyeshe baba."

Akasimama. Magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka, uso mbele. Baba akamzunguka mara mbili, anamtazama vile anavyotazama ng'ombe kabla ya kukubali bei. Akaniambia, "Mvute."

Nikamshika kisogo nikavuta kwa nguvu zangu zote. Namelok alisogeza miguu, tap tap, akabandika paji lake chini ya taya langu, akasukuma. Kilichofuata nimekaa chini kwenye turubai, miguu mbele, filimbi imeingia mdomoni na imelia yenyewe.

Baba Namelok alicheka mpaka akaegemea fimbo. "Sasa Mwalimu, hivi ndivyo alivyokuwa akisimama nyumbani. Muda wote huo mlikuwa mnamfundisha nini?"

Kisha akawa serious ghafla, kama ninyi msemavyo. "Acheze. Lakini siku ya mashindano nitakuwepo. Nikiona kichwa chake kimekwenda chini, naingia kumchukua mtoto wangu. Kuwe na mwamuzi, kusiwe na mwamuzi."

Na alikuwepo. Mashindano yalifanyika hapa hapa Karatu, vumbi jekundu limetanda, watu wamejaa mpaka juu ya malori. Fainali ya uzito wake, nani alikuja kusimama upande wa pili? Rehema wa Mto wa Mbu! Nikatupia taulo begani. Kulia kwangu Afande Matle, kimya. Kushoto Baba Namelok, fimbo mkononi.

Filimbi. Rehema akaja na mkono wake uleule, moja kwa moja kisogoni. Akavuta. Namelok hakwenda kokote! Miguu ilikuja, uso ukabaki mbele, na paji lake likatua panjani kwa Rehema kama muhuri. Watu wakaanza kunguruma. Rehema alizunguka kushoto, paji lipo. Kulia, paji lipo. Akakasirika, akajaribu kuusukuma ule uso kwa mkono, na mkono ulipopanda, mguu wake ukabaki peke yake. Namelok alishuka kwa magoti, akaukumbatia, sikio mbavuni, uso juu. Chini! Alama mbili. Muda mfupi baadaye akarudia vilevile, alama mbili nyingine, kisha akamsukuma nje ya duara akapata moja. Tano kwa sifuri. Nilikuwa naruka, sauti imeshakauka, kilemba kimeanguka sijui wapi.

Nusu ya pili, Rehema aliamua kufa na kupona. Alimkumbatia Namelok kiunoni pamoja na mkono wake mmoja, akamgeuza hewani. Nawaapia ilikuwa mbinu nzuri, hata mimi nilipiga makofi kabla sijakumbuka niko upande gani. Alama nne. Namelok ameanguka chali, Rehema juu yake, mabega yanatafuta mkeka. Yakigusa yote mawili, mchezo umekwisha.

Na hapo Namelok akafanya daraja. Alikanyaga kwa nyayo, akainua kiuno, akasimamia kichwa. Utosi kwenye mkeka, mabega yako hewani, mwili mzima umepinda, na Rehema juu yake anasukuma.

Baba Namelok aliona kitu kimoja tu, kichwa kiko chini. Akaanza kutembea.

Nilimdaka shuka. "Baba! Subiri!"

"Kichwa kiko chini, Mwalimu! Nilisema!"

"Hicho kichwa ndicho kinachomshikilia! Tazama mabega! Tazama mabega, baba!"

Akatazama. Vidole viwili vya nafasi kati ya bega na mkeka, labda kimoja. Shingo ile ilitetemeka, shingo ileile niliyoishika kwenye gari kwenda hospitali. Miezi mitatu tulikuwa tumeijenga, kwanza kwa kujisaidia na mikono, kisha bila mikono, kila siku kidogo, bila haraka. Lakini nilijua pia kwamba nikikosea mara ya pili hakuna mzazi wala Mungu atakayenielewa. Taulo lilikuwa begani kwangu. Nikilirusha, mchezo unasimama, Rehema ameshinda. Nikamtazama Namelok usoni, uso umepinduka juu chini. Macho yalikuwa wazi na yalikuwa yananitazama. Midomo ikasema neno moja, bila sauti: "Bado."

Sikulirusha.

Sijui zilikuwa sekunde ngapi. Afande Matle aliyekuwa kimya siku zote alikuwa anapiga kelele kama kuruta. Baba Namelok alikuwa anapiga kelele kwa Kimaasai, simwelewi, naitikia tu. Halafu Namelok akakizungusha kile kichwa kama mtu anayefungua mfuniko, mwili ukafuata, akatua kwa tumbo. Filimbi ya mwisho!

Tano kwa nne.

Uwanja ulipasuka. Nililia, nilicheka, sikumbuki kipi kilianza. Nikasikia mtu ananiita taratibu, mara ya pili, mara ya tatu. "Mwalimu. Mwalimu Yustina. Achia shuka yangu."

Namelok sasa ni mwalimu, anafundisha mieleka Arusha, na shingo yake ni nzima. Rehema ndiye aliyenialika kwenye harusi yake, mnaona dunia. Afande Matle tumemzika akiwa mzee sana, na kwenye mazishi yake walijaa watu wenye mashingo, mkuu wa shule mstaafu akaniuliza hawa wote ni ndugu zake?

Wiki iliyopita mlinialika ukumbini kwenu, mkaniomba niwaonyeshe msimamo. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Nikavua viatu, nikafunga kanga kiunoni, nikamwita huyo Happy, mdogo kuliko wote, aje anishike. Nikaweka paji langu panjani kwake, nikaanza kueleza. Mkanisikiliza vizuri mpaka nikanogewa. Nikageuka kidogo niwatazame ninyi kwa ajili ya kumalizia sentensi.

Nikajikuta nimekaa mkekani.

Wote mkashika midomo. Happy akapiga magoti karibu yangu, macho yamejaa machozi. "Bibi, nisamehe. Umeumia?"

"Sijaumia, mwanangu. Nani amekufundisha kusubiri mtu ahamishe macho ndipo umvute?"

"Hakuna," akasema. "Niliona tu kwamba macho yakihama, shingo inalegea."

Miaka ishirini na mitatu, vijana! Nilifundisha macho, nilifundisha shingo, na siku zote niliyafundisha kama mambo mawili. Sikuinuka. Nilibaki pale chini nimekunja miguu, nikawaita wote msogee mkae, nikamwambia Happy asimame katikati atueleze tena, polepole, alivyoona. Naye akaeleza, na mimi nikasikiliza.